Kushuka kwa Kitufe cha Leskovac

Sogeeni, enyi mnaoshika simu kwa vidole safi, msikie habari ya siku ile ya Septemba ambapo Jasna wa Belgrade, binti mwenye kalamu kali, aliingia uani kwa Bibi Milunka mjini Leskovac, jeshi lake likiwa daftari moja na laptopu moja, kupigana na adui aliyewashinda majabari wengi: hamu ya kusaidia.

Maana sheria ya kazi yake ilikuwa kwamba mtumiaji anayejaribu programu haelekezwi wala haonyeshwi. Huachwa ahangaike mpaka aseme mwenyewe panapomkwaza. Programu yenyewe ilikuwa ya kujipangia siku ya kumwona daktari, na kitufe cha kupanga kilikaa juu kabisa, pembeni mwa kioo, kidogo kama punje ya dengu, palepale Jasna alipokichora na kukisifu. Wazee wanne walikuwa wamekwisha kushindwa nacho. Mkuu wake alisema watazoea tu, na huyu wa tano asipotoa sababu ya maana, Jumatatu programu inatoka ilivyo. Kwa Bibi Milunka hilo halikuwa jambo dogo, kwani kila alipotaka daktari ilimlazimu ampigie mwanawe Dejan kule ugenini Graz ampangie, na kila mara alimsikia Dejan akishusha pumzi.

Malkia huyo wa ajvari, ile rojo nyekundu ya hoho, Jasna alimkuta akimenya hoho za kuchoma, magunia matatu, mikono imejaa mafuta na maganda hadi viwikoni.

"Kaa, mwanangu. Onja kwanza, simu haina miguu."

Jasna akaonja, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha simu ikaegemezwa kwenye bakuli, na vita vikaanza.

Bibi Milunka akakigonga kioo kwa kifundo cha kidole, sehemu pekee iliyobaki safi. Akakosa. Akagonga tena, akakosa. Mkono wa Jasna ukainuka wenyewe kwenda kumwonyesha, shujaa akaukalia. Dakika ya pili akaumauma midomo. Ya tatu, jirani Tihomir akachungulia juu ya ua, akavua kofia na kuhutubia.

"Milunka, nipishe. Mimi ndiye niliyezifufua televisheni za mtaa huu, nyingine zikiwa zimeshatolewa nje. Nipe hiyo simu niimalize kabla kahawa yangu haijapoa."

"Mzee Tihomir," Jasna akasema, "ukiigusa, umeniulia kazi ya miezi mitatu."

"Menya hoho au rudi kwako," Milunka akakata shauri.

Tihomir akaingia, akamenya.

Dakika ya nne Bibi Milunka akaacha kugonga.

"Nani amekiweka kule juu?"

Hapo Jasna angeweza kuitaja ofisi nzima.

"Mimi, bibi."

"Umewahi kumenya hoho?"

"Sijawahi."

"Inaonekana. Mkono huu una kisu, huu una mafuta. Nimebaki na hiki kifundo tu. Kilete huku chini, kiwe kipana hivi. Lete hiyo kalamu."

Jasna aliona aibu, na chini ya aibu furaha kubwa, kwani wale wanne walishindwa kwa adabu, wakasema macho yao ndiyo mabaya. Bibi Milunka akachora daftarini kitufe kipana, chekundu kwa mafuta ya hoho. Jasna akafungua laptopu, akakishusha kilivyochorwa. Kifundo kikaanguka mara moja, na kioo kikajibu: Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi.

Tihomir akavua kofia tena, safari hii bila hotuba.

Kwa kifundo kilekile Bibi Milunka akampigia Dejan.

"Mama, nikupangie daktari?"

"Nimeshajipangia."

Dejan akauliza kutoka Graz, "Sasa utakuwa unanipigia kwa lipi?"

"Kukusalimia. Hujambo, mwanangu?"

Basi iandikwe kwamba siku hiyo, mjini Leskovac, kitufe kilishuka vidole vinne, na kwamba Jumatatu mkuu wa Jasna alipokea ukurasa mmoja wa daftari wenye doa la mafuta, akaunusa, akautia sahihi, akauliza kama ajvari imebaki.