Kikohozi cha Kijerumani

Jumatatu, 3 Juni 1996
Shemeji Mayala amesema tena: mwisho wa mwezi nihame sebuleni kwake, nirudi Shirati kulima. Mimi, kulima! Lakini kiwanda cha minofu ya sangara kinatafuta mkalimani wa wanunuzi wa Kijerumani. Usaili Ijumaa. Tumeomba wawili tu, mimi na Shaibu, sote wanafunzi wa Kijerumani wa Sista Getruda hapa Mirongo. Shaibu ana suti. Mimi nina akili.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Leo Sista katufundisha kusema "samaki anayeogelea". Schwimmend. Safi. Kumbe neno halijaisha! Linataka mkia: mara schwimmende, mara schwimmender, mara schwimmenden, kutegemea kama samaki anakula au analiwa. Nikalalamika. Sista akasema mbona kwa Kiswahili natamka kisu kikubwa na samaki mkubwa bila kutoka jasho, nikae nisome. Shaibu amekaa, anasoma. Maskini.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa! Mkia ukikaribia, nakohoa. Schwimmend, kho! Nani atajua nimemalizia na nini? Nimefanya mazoezi kutwa. Dada Akumu, mke wa Shemeji, kanisikia, amenichemshia tangawizi. Sikukataa.

Ijumaa, 7 Juni
Usaili. Mjerumani mwenyewe ni mama mpole. Nimemweleza habari za samaki wanaoogelea, maji yanayochemka, wavuvi wanaoimba. Kila mkia, kho! Nilipofika kwenye wavuvi, meneja wa kiwanda alifungua madirisha. Mama akasogeza kiti, akasogeza tena, hadi mlangoni. Ndipo meneja akasema taratibu, "Okeyo, hiki ni kiwanda cha chakula. Nenda hospitali ukapimwe kifua."
Kazi kapata Shaibu. Na mwenyewe kakiri alikosea nusu ya mikia! Mama alimsahihisha tu, wakaendelea kuzungumza. Imeniuma. Nimelia kidogo bafuni.

Jumapili, 9 Juni
Kifua kizima, daktari alisema jana. Lakini habari ya ugonjwa ilitangulia kufika mtaani. Baada ya ibada kwaya nzima imekuja kuniombea. Shaibu amekuja na maziwa, akasema kila jioni atanielekeza ile mikia mpaka niishike. Nikamjibu kwamba mgonjwa hasomi.
Walipoondoka, Shemeji Mayala akaja kuketi karibu nami. Hakunitazama. Akasema habari za kuhama tuziache kwanza, hadi nipone kabisa. Jamani, ana moyo mzuri yule mtu! Nilitaka sana kumwambia ukweli. Nikamtazama, nikautazama mkeka wangu ninaolalia pale sebuleni.
Nikakohoa.