Nilivyong'oa Jiwe la Mpaka Ikonge

Mnisamehe kwanza kwa makosa ya tahajia. Shule yangu iliishia darasa la nane, naandika polepole, na kidole changu ni kinene kuliko herufi za simu. Mwandiko wangu wa mkono hamtauona. Hiyo ni bahati yenu. Lakini hili nisipolisema leo litanipasua: nimeaibika Ikonge mpaka masikio yamepata moto.

Kwa wageni wa kikundi, mchezo wetu ni huu. Mtu anaficha kikopo, anaweka vipimo vya mahali mtandaoni, wengine wanakitafuta kwa GPS. Ukikipata unaandika jina lako ndani, unakirudisha. Basi.

Asubuhi nilikuwa dukani Kisii mjini kununua GPS ya mkono. Zilikuwa tatu mezani. Ya kwanza ina ramani ya rangi, na bei yake ni ya ndama. Ya pili ni rahisi, lakini inabeba jina na vipimo tu. Maelezo na dokezo unayanakili kwa karatasi. (Mimi na kunakili! Kikopo kingeota kutu nikiwa bado mstari wa pili.) Ya tatu ni ya mitumba, vitufe vimechakaa, lakini inabeba kila kitu ndani yake, hata maneno ya waliotangulia. Karatasi haitakiwi. Ndiyo mliyonishauri, na ndiyo mfuko wangu uliweza. Asanteni.

"Alama za mahali za mwenyewe wa kwanza bado ziko ndani?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Nilifuta zote, kijana. Enda ucheze."

Nikaingiza orodha ya vikopo vyetu kwenye saiba, duka la intaneti, nikapanda boda mpaka Ikonge. Nikawasha mashine. Kilicho karibu zaidi kilikuwa kwenye mashamba ya chai hapo chini. Jina lake namba tu. Maelezo hakuna. Dokezo hakuna. Nikasema moyoni, aliyeficha hiki ni mtu wa haya kama mimi, hapendi maneno mengi. Nikampenda bure!

Mshale ukanipeleka katikati ya mistari miwili ya chai. Hapo kuna jiwe. Mchezo wetu hauruhusu kuchimba, lakini kuinua jiwe ni halali. Hili lilikuwa limeshika. Nikalitikisa kama jino la mtoto, huku na huku, likatoka. Chini yake kulikuwa na nyungunyungu mmoja, naye alionekana ameshangaa.

"Wewe! Unafanya nini na jiwe letu?"

Ni mama mmoja mwenye kikapu cha chai mgongoni. Baadaye nilijua anaitwa Mama Kwamboka. (Haya yote yalisemwa Kikisii, mimi nawageuzia.)

Mimi nikiulizwa kitu ghafla huwa narudi nyuma. Nikarudi nyuma. Na jiwe kifuani.

"Nyasae, Mungu wangu! Analihamisha! Analiingiza shambani kwangu!"

Ndipo nikaelewa nimebeba nini. Jiwe la mpaka! Hapa kwetu, mahali mtu hupima shamba kwa mistari ya chai! Nikaruka upande wa pili haraka.

"Omomura, kijana, simama hapo!" Mzee Onchari, shemeji yake, akatokea upande huo amevaa gambuti, viatu vya mpira. "Unaleta mpaka kwangu?"

Kila hatua yangu ilikuwa inakata shamba la mtu. Nikasimama katikati, nikawa mpaka mimi mwenyewe.

"Sema unatafuta nini," akasema Mzee.

"Kikopo."

"Chako?"

"Hapana."

"Cha nani?"

"Simjui."

"Ukikipata unakipeleka wapi?"

"Nakirudisha."

Wakatazamana. "Shemeji," akasema Mama Kwamboka, "huyu umemtuma wewe?"

"Mimi? Nilidhani umemtuma wewe!"

Wachuma chai walikuwa wamesimama wote wanatazama. Nikataka kusaidia. (Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza.) Nikasema, "Msijali, mashine itatuonyesha jiwe lilikuwa wapi." Nikaitoa. Mshale ukaelekea ndani ya chai ya Mama Kwamboka. Akaweka mikono kiunoni. Nikageuka kidogo, mshale ukahamia kwa Mzee.

"Hicho kidude kimelewa?" akauliza.

Ndugu zangu, mnajua GPS zetu hukosea hatua chache. Kwa kutafuta kikopo hakuna shida. Lakini hatua chache za chai hapa ni kesi ya vizazi viwili. Niliona familia hizi zikipigana kwa sababu ya vidole vyangu.

Mama Kwamboka akainama. "Na shimo si hili hapa?"

Shimo lilikuwa miguuni petu. Nyungunyungu bado yumo. Sisi watatu tulikuwa tunatazama kioo cha mashine.

Walicheka wale wachuma chai, kikapu cha mmoja kikamwagika. "Savea wetu," akaita mwingine, "ukimaliza upime na kwangu!"

Tukalirudisha. Mzee akashika upande mmoja, Mama Kwamboka mwingine, wakabishana kidogo ni uso upi unatazama barabara, wakakubaliana, wakakanyaga udongo pamoja. Mzee akaitazama mashine tena. "Aliyeweka jiwe hili alikuwa na kidude kama hicho. Hiyo alama ni ya kazi yake."

Muuzaji hakufuta kitu! Mwenyewe wa kwanza alikuwa savea, mpima mashamba, nami nilifuata alama yake nikidhani ni kikopo.

Nilingoja kipigo. Badala yake niliitwa chai nyumbani kwa Mama Kwamboka. Mzee Onchari akaja pia, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mama Kwamboka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu mumewe alipozikwa, shemeji hajawahi kuingia nyumba hiyo. Alimwongeza maziwa bila kuulizwa. Mimi nilipewa ndizi mbivu za kubeba. Namshukuru sana. Ningekuwa na majeraha sasa, lakini niko na ndizi.

Kikopo cha kweli sikukitafuta tena.

Sasa nawaomba mniandikie, hata kama ni kwa kucheka: alama za mwenyewe wa kwanza zinafutwaje? Nijibuni upesi. Nimefungua orodha jioni hii, na bado ziko nyingi. Zote ni namba tu, na naogopa kila moja ina mashemeji wawili.