Seleri Yangu na Jicho la Bi Dulari

Jumatatu, 11 Machi
Mungu ni mwema. Seleri imeshika! Ndoo nne za rangi, kivulini nyuma ya jiko. Miezi mitatu nimeihangaikia kama mtoto njiti. Jumapili mama yake Kervin, kijana anayemposa binti yangu Renelle, anakuja kula, kumtazama binti na nyumba iliyomlea. Nimeshamtumia salamu kwamba kuku wangu nampaka kiungo cha seleri ya bustani yangu, si cha sokoni. Huu mdomo wangu! Lakini asante.

Jumanne, 12 Machi
Msiba! Bi Dulari wa jirani kaegemea ua. Eti, "We shoga, seleri nene hiyo! Yangu mbona kama nywele za kichanga?" Kisha kaenda zake. Hakusema "Mungu aibariki"! Mji wetu mzima wa Gasparillo unajua, mmea ukisifiwa bila kubarikiwa umeshapigwa jicho. Nimetundika chupa za bluu za kukinga jicho, kila ndoo yake. Renelle kasema nitamkimbiza mkwe kabla hajaonja. Heri mtoto anayecheka.

Jumatano, 13 Machi
Jani moja limegeuka manjano. Moja! Chupa hazitoshi. Marehemu mama alikuwa akimwogesha mtoto aliyepigwa jicho kwa bluu ya kufulia na chumvi. Linalomfaa mtoto litashindwa na mboga? Nimetia majini vipande vitatu vya bluu, maana jicho la Bi Dulari si dogo. Chumvi ngumi mbili. Nimemwagilia mpaka ndoo zikavuja. Sasa moyo umetulia.

Ijumaa, 15 Machi
Imelala yote. Mashina ya samawati kama mishipa ya miguu yangu. Renelle kauliza nimetia nini. Nikasema jua kali.
Nimekaa nyuma ya jiko, nalia. Mara mkono juu ya ua, na fungu la seleri limefungwa uzi. Bi Dulari! Kakata yake yote, hakubakiza. Kasema ni nyembamba lakini inanukia, nifute kamasi, Renelle ni mwanawe pia. Na mimi siku tatu nimemsema! Ee Mungu, asante kwa mwanamke huyu. Nimemwalika Jumapili.

Jumapili, 17 Machi
Wamekula! Kuku wa sukari iliyoungua, kalalu ya majani na nazi, makaroni ya kuoka. Mama Kervin kalamba vidole, kisha kauliza kama seleri ni yangu kweli. Nikamwongezea makaroni. Bi Dulari akameza wali taratibu. "Dada, huyu ana mkono wa mimea, asikudanganye mtu." Nilitaka kumbusu.
Harusi Agosti! Mama Kervin kasema kiungo cha karamu nitengeneze mimi, watu mia mbili. Nikamwambia hata mia tatu, bustani ipo. Bi Dulari akapaliwa.
Jioni nimekagua ndoo. Kuna shina moja lenye uhai. Moja! Nimelishukuru kwa machozi. Nimelimwagia bakuli zima la mchuzi wa kuku, lipate nguvu.