Paka Aliyefeli Nyuma ya Mlango

Waliohudhuria Jumamosi hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi, walikuwa hawa wafuatao: Wembe, ambaye ndiye kinyozi mwenyewe na ndiye mwenye benchi, Mama Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, akiwa na suruali ya mteja mapajani na sindano mdomoni, Gia Tatu, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya jambo lolote kwa mwendo unaozidi jina lake, Shangazi, mwenye birika la kahawa, ambaye ni shangazi wa kila mtu na hana undugu na yeyote, na mimi, Mwalimu, ambaye hata kijiweni hukaa mwanzo wa benchi ili niwaone wote. Hakuna aliyetoa udhuru.

Wembe alikuwa hana mteja, kwa hiyo alikuwa na gazeti.

"Sikilizeni hii," akasema. "Kituo cha kuokoa paka na mbwa wa mitaani kimejaa pomoni. Msimamizi anawaomba wananchi wenye nafasi majumbani wajitokeze kuwachukua."

"Wenye nafasi majumbani!" Gia Tatu akacheka. "Mimi kwangu nafasi niliyo nayo ni ile ninayolalia, na hata hiyo nikitaka kugeuka naomba kibali kwa mke wangu."

"Soma vizuri, Wembe," Shangazi akasema huku akimimina. "Isije ikawa paka ndio wanaombwa wawachukue wananchi."

"Subirini, kuna masharti. Ukichukua paka unapewa siku kumi na nne za majaribio. Mkishindwana, unamrudisha."

Mama Pindo akaitoa sindano mdomoni. "Siku kumi na nne! Mimi nilipoolewa sikupewa hata moja."

Hapo ndipo nilipokohoa. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na kikohozi changu kinajulikana.

"Haya, Mwalimu ana tangazo," Gia Tatu akasema.

"Mwache," Mama Pindo akadakia. "Mimi tangu Jumanne namwangalia hiyo mikono. Nilidhani siku hizi analala kwenye miiba. Baba, nani kakuchora hivyo?"

Nikaona hakuna faida ya kuficha jambo ambalo limeandikwa wazi kwenye viganja vyangu. Nikawaeleza kwa utaratibu. Kwamba nina paka mmoja, jina lake Kiranja, ambaye hajawahi kukanyaga nje kwa sababu naishi ghorofa ya tatu. Kwamba paka huyo alikuwa wa binti yangu, na binti yangu alipopata kazi mji mwingine, mwezi wa pili, alichukua masanduku yote akaniachia paka. Kwamba tangu siku hiyo Kiranja hukaa mlangoni kila ifikapo saa kumi na moja jioni, akilia mpaka jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio.

"Saa kumi na moja ndiyo saa aliyokuwa anarudi binti?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo."

"Na wewe saa hiyo unakuwa wapi?"

"Nakuwa hapo hapo karibu na mlango. Nasahihisha madaftari."

"Meza ya kusahihishia si iko chumbani kwako?"

"Niliihamisha."

Walitazamana. Mama Pindo akainamia suruali yake ili asicheke, lakini mabega yalimsaliti.

"Kwa hiyo," nikaendelea, "daktari wa mifugo akanishauri kwamba paka wa ndani akiwa peke yake hupata upweke, na kwamba ingefaa nimtafutie mwenzake. Nikaenda kwenye kituo hicho hicho kilichoandikwa gazetini. Nikachukua paka mmoja aliyeokotwa kwenye mtaro, sikio moja limechanika. Simjui jina. Namwita Mgeni. Leo ni siku ya kumi na nne."

"Mwalimu!" Wembe akalitupa gazeti. "Umekaa na habari yenyewe nyumbani, sisi tunahangaika kusoma magazeti!"

"Na nimeshaamua kumrudisha," nikasema. "Yule mama wa kituo alinipigia asubuhi. Kuna familia nyingine inamtaka. Atanipigia tena saa nne nimpe jibu la mwisho. Mgeni amefeli."

"Kafeli nini?" akauliza Gia Tatu.

"Kafeli."

"Paka?"

Nikaitoa karatasi mfukoni. Naomba msomaji anisamehe, kwa maana karatasi hiyo niliipigia mistari kwa rula. Kituo kilikuwa kimenipa kipeperushi chenye maelekezo ya kuwakutanisha paka wawili: waanze vyumba tofauti, wabadilishane vitambaa walivyolalia ili wazoeane harufu, wale chakula kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, kisha waonane kwenye upenyo, na mwisho wakutane. Maelekezo mazuri, ila yalikuwa na kasoro moja kubwa. Kila hatua iliishia na maneno "endelea paka wakiwa tayari". Hayakutaja siku. Mimi sijui kuishi na maelekezo ya namna hiyo. Nikayatengenezea ratiba ya siku ishirini na moja, na pembeni nikaweka safu ya alama za tabia.

Gia Tatu akaipokea ile karatasi, akaisoma mstari mmoja mmoja. Tulisubiri. Hakuna njia nyingine.

"Mwalimu," hatimaye akasema. "Hapa umeandika kukutana ni siku ya kumi na tisa."

"Sawasawa."

"Na majaribio yanaisha siku ya kumi na nne."

Nikanyoosha mkono kuichukua karatasi, lakini hakuiachia.

"Kwa hiyo huyu mwanafunzi wako anafanya mtihani leo Jumamosi, somo lenyewe linafundishwa Alhamisi ijayo."

Shangazi alicheka mpaka akaliweka birika chini. Mimi nilieleza kwamba ratiba ililenga ubora. Hakuna aliyenisikiliza.

"Hebu leta," Mama Pindo akaichukua karatasi. "Tuone makosa ya huyo mhalifu. 'Siku ya pili, kufoka mara tatu, toa alama sita. Siku ya tatu, kufoka na kuunguruma, toa alama nane.' Alikuwa anamfokea nani?"

"Anamfokea Kiranja, kupitia mlango. Ile khhh! ya paka, unaijua."

"Na wewe umekaa wapi?"

"Sebuleni, kwenye kiti changu, na saa na kalamu."

"Kiranja yuko sebuleni na wewe?"

"Kiranja yuko kwenye ujia, mbele ya mlango wa chumba. Mgeni yuko ndani ya chumba."

"Kutoka kwenye kiti unauona ujia?"

"Hapana. Nasikia."

"Basi ulijuaje aliyefoka ni Mgeni?"

Swali hilo lilikuwa jepesi mno. Ni swali ambalo ningemwuliza mtoto wa darasa la tatu.

"Kiranja sijawahi kumwona na tabia hiyo," nikasema. "Ni paka aliyelelewa vizuri."

"Ahaa," akasema Mama Pindo, polepole, kama anayevuta uzi. "Kwa hiyo kila khhh! iliyosikika humo ndani iliandikwa kwa jina la mgeni, kwa sababu mwenyeji ni wa nyumbani, analijua hata kabati la vikombe."

"Endelea kusoma, mama," Gia Tatu akamhimiza. Nadhani siku hiyo alifika gia ya nne.

"'Siku ya tisa. Kugusana miguu chini ya mlango, toa alama tano. Siku ya kumi. Kugusana miguu chini ya mlango kwa dakika ishirini, toa alama kumi.' Mwalimu, hii nayo ni nini?"

"Ni utovu wa nidhamu. Hatua ya kuonana ilikuwa haijafika, na nilipokwenda kuwatenganisha ndipo nikachorwa mikono."

Mama Pindo akaiweka karatasi juu ya suruali, akaniangalia kama ninavyoangaliwa na wazazi siku ya kufunga shule. "Walikuwa wanacheza."

"Nje ya ratiba."

"Walikuwa wanacheza, baba! Umemchukua paka ili acheze na mwenzake, kacheza, umemkata alama!"

"Jumla amepata ngapi?" Shangazi akauliza, machozi yakimtoka.

"Thelathini na nne," nikajibu. "Kwa mia."

Benchi lilitikisika. Mpita njia mmoja alisimama kuuliza kama kuna msiba au harusi. Nami nakiri kwamba nilikaribia kucheka, maana nina cheti cha ualimu kwenye fremu sebuleni, juu ya kiti kile kile, na somo la upimaji wa wanafunzi nililipita kwa daraja la kwanza.

Wembe peke yake hakucheka. Alikuwa ameanza kusafisha mashine ya kunyolea kwa brashi ndogo, nywele za watu zikianguka kwenye viatu vyake.

"Mwalimu," akasema bila kuinua uso, "unakumbuka nilipohamia shuleni kwako?"

"Darasa la sita. Katikati ya muhula."

"Unakumbuka ile karatasi ya wapiga kelele?"

Nilikumbuka. Mwalimu akitoka darasani, kiranja hubaki na karatasi, anaandika majina ya wanaopiga kelele, na mwalimu akirudi anaisoma. Huokoa muda mwingi.

"Jina langu lilikuwa la kwanza kila wiki," Wembe akasema. "Muhula mzima. Na kila Ijumaa wenzangu wakienda uwanjani, mimi nafagia madarasa manne."

"Ulikuwa na kelele," nikasema, lakini sauti yangu haikuwa na uhakika.

"Kelele ningepiga na nani? Muhula ule wote sikuwa na hata mmoja wa kuzungumza naye. Waliokuwa wanapiga kelele ni kiranja na rafiki zake."

Shangazi alilifunika birika. Mimi nilikuwa naikumbuka karatasi ile, mwandiko wake mzuri, jinsi nilivyokuwa nikiusifu mbele ya walimu wenzangu. Sikuwahi kurudi mlangoni kimyakimya na kusikiliza. Ratiba yangu haikuwa na nafasi hiyo.

"Wembe," nikasema, "nilikukosea. Na nimechelewa sana kukwambia."

"Yamepita, Mwalimu." Akaipuliza mashine. "Kila mwezi unaniletea hiyo shingo na mimi nimeshika wembe. Ningekuwa na kinyongo, ungejua zamani."

"Mungu ni mkubwa," Shangazi akasema, na kicheko kikarudi, safari hii cha chini kidogo.

Simu ikalia. Nilitazama kioo chake: kituo cha wanyama, saa nne kamili. Mtu anayepiga kwa wakati humheshimu mwenzake, lakini siku hiyo ningefurahi kama angechelewa robo saa.

"Usipokee kabla hujafikiri," Gia Tatu akaninong'oneza.

"Wewe ukifikiri mpaka umalize, paka watakuwa na wajukuu," Mama Pindo akamkata. "Pokea!"

Nikapokea. "Naam, mama. Ndiyo, ni mimi... Familia hiyo ina bustani? Vizuri sana. Na watoto wawili... Ndiyo, naelewa."

Walikuwa wamenisogelea wote wanne, Mama Pindo kalisahau pindo, sindano ikining'inia kwenye uzi. Yule mama wa kituo alikuwa mstaarabu. Alisema hakuna lawama yoyote nikimrudisha, kwamba paka wengine hawapatani tu, na akaniuliza kwa upole Mgeni ameonyesha matatizo gani hasa, ili aiandikie familia ile.

Karatasi ilikuwa mbele yangu. Makosa kumi na tisa, kila moja na tarehe.

"Hakuna," nikasema. "Matatizo yalikuwa ya mwenye nyumba... Hapana, mama, mwenye jengo hahusiki. Mwenye nyumba ni mimi... Ndiyo. Waombe radhi, waambie huyu ameshapata kwake."

Nikakata simu. Kwa desturi yangu, nikasimama na kufunga kifungo cha koti kabla ya kuzungumza.

"Ndugu zangu, natangaza uamuzi. Mgeni anabaki. Habaki kwa majaribio wala kwa alama. Anabaki kama mimi ninavyobaki. Pili, mlango wa chumba utafunguliwa."

"Lini?" wakauliza kwa pamoja, maana wananijua.

"Leo."

"Leo saa ngapi?" Mama Pindo akanibana. "Isije ikawa unakwenda kutafuta rula."

Nilifikiri. "Saa nne kamili," nikasema.

Wembe akatazama saa iliyo juu ya kioo chake. "Mwalimu, saa hizi ni nne na dakika saba."

"Basi nimeshachelewa," nikajibu, na nikaondoka nikikimbia, kikombe cha Shangazi kikiwa bado mkononi.