Mizani ya Irungu na Uzito Uliopotea

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Darasa la jioni, Kawangware 56, chumba alichotuazima Irungu nyuma ya duka lake la misumari na mabati. Watahiniwa kumi na wawili wa mtihani wa kidato cha nne, watu wazima. Nikafundisha: uzito wa kiini cha atomu ni protoni zake jumlisha nyutroni zake, basi. Adero, fundi wa nguo kutoka mtaa wa Soweto West, akainua mkono. Eti ukurasa wa gazeti la ng'ambo, uliojazwa ndani ya viatu vyake vya mitumba, unasema kiini ni chepesi kuliko vipande vyake. Nikasema hiyo ni elimu ya miguu. Wote wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeusoma ukurasa wenyewe. Wataalamu wanazungusha viini vyenye nyutroni kupita kiasi ndani ya pete ya sumaku. Kizito huchelewa kumaliza mzunguko, nao hupima huo muda. Uzito uliopungua ndio nishati inayokishikilia kiini. Adero yuko sawa. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini mwalimu akikubali kosa wiki chache kabla ya mtihani, nani atamwamini? Nina mpango.

Alhamisi, 5 Septemba
Vifurushi kumi vya misumari ya dukani, robo kilo kila kimoja. Tutapima kimoja kimoja, kisha vyote pamoja. Hesabu italingana, Adero atanyamaza. Irungu alisita, akasema mizani yake imezeeka. Nikamwambia ni heshima kwa duka. Nimealika hata wateja wake.

Jumamosi, 7 Septemba
Kimoja kimoja: robo, robo, robo. Jumla kilo mbili na nusu. Vyote pamoja: kilo mbili na gramu hamsini! Adero akauliza kwa upole, "Mwalimu Walubengo, hiyo ingine imeenda wapi?" Kisha akaonyesha mizani tupu. Mshale ulikuwa umesimama kwenye gramu hamsini. Kila robo iliyouzwa hapo ilikuwa pungufu.

Wateja wakamgeukia Irungu. Irungu akanigeukia mimi. Tumefukuzwa, na mtihani ndio huo unakuja. Hakuna mwanafunzi aliyenilaumu, na hilo ndilo liliniuma. Adero alibeba ubao, mimi chaki. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamuuliza kama ubao ni mzito.

Jumapili, 8 Septemba
Gichuru mwenye bucha ametupa chumba chake cha nyuma. Mtu mwema sana. Kesho nitamwambia Adero ukweli, mbele ya wote. Ila nimefikiria: kosa lilikuwa la mizani tu. Gichuru anayo kubwa. Nimemwomba tuitumie kesho, wateja wakiwepo. Amesita kidogo. Nimemwambia ni heshima kwa duka.