Vita vya Kizibo cha Sinki

Njooni, enyi mnaouza na mnaonunua, mlioketi na mliosimama. Wekeni simu zenu chini kidogo, niwasimulie tendo ambalo, lau dunia ingekuwa na haki, lingechongwa juu ya jiwe. Mimi ni mfunga vifurushi wa duka nitakalowatajia, na utepe wa maboksi ulikuwa mkononi mwangu siku ile. Basi asije mtu akasema nimehadithiwa.

Duka lilikuwa la Shangazi, malkia wa rafu, mtunza stoo wa miaka thelathini ambaye hakupata kupoteza hata msumari. Alipostaafu akafungua duka la mtandaoni, akaingiza bidhaa elfu mbili kwa mkono wake mwenyewe, kila moja kwa jina la stoo kama alivyofundishwa ujanani: Ndoo, plastiki, lita kumi. Ngazi, chuma, hatua tano. Kizibo, mpira, duara, milimita arobaini. Kazi safi isiyo na doa. Ila mteja aliyeandika maneno ya kinywani mwake kwenye kisanduku cha kutafutia alikutana na ukuta usiopandika: Hakuna kilichopatikana. Na vizibo mia mbili vimelala kwenye rafu nyuma yangu, vikitangazwa kuwa havipo.

Majeruhi wa ukuta huo walipiga simu, na simu ilipokewa na shujaa wetu, Sikio la Chuma, binti wa kaka yake Shangazi. Miaka miwili alikaa kwenye kiti chenye mguu mbovu akisikiliza, hasa Mwalimu mstaafu, ambaye hakuna wiki aliyopata kitu bila kupiga simu. Na kila alichosikia alikiandika katika daftari, kama mteja alivyotamka: kile cha kuning'inizia taulo, dude la kuzuia mlango usijibamize, kamba ile ya nguo. Hakuna aliyemtuma. Mwenyewe alisema ni dawa ya kufukuza usingizi.

Hata ikafika Jumatatu ya maamuzi. Shangazi akasimama kati ya maboksi, miwani juu ya paji la uso, akanena:

"Sikilizeni nyote." Tulikuwa wawili. "Watu wanaingia kwenye huo mtandao, wanazubaa, wanatoka, halafu wanapiga simu kuuliza vitu vilivyo mbele ya macho yao. Nimechoka. Ijumaa saa sita mchana, kama sijaona hata mteja mmoja aliyetafuta mwenyewe na akapata mwenyewe, naufunga. Na kiti hicho cha simu nacho kitaondoka, mwanangu. Sina jinsi."

"Shangazi, wateja hawayajui majina ya stoo."

"Wajifunze. Mimi nilijifunza."

"Wewe ulilipwa kujifunza, Shangazi. Wao ndio wanaolipa."

Utepe ulinidondoka. Shangazi alimtazama kwa muda ambao jeshi zima lingeweza kuvuka mto, kisha akasema, "Haya, fanya unavyojua. Lakini majina yangu usiyaguse hata herufi."

Ndipo Sikio la Chuma akalifunua daftari, akaingia vitani. Hakufuta jina hata moja. Chini ya kila jina, mahali pa maneno ya ziada palipokuwa patupu tangu duka lizaliwe, alipanga maneno ya wateja, ili mtu akiandika lake apelekwe kwenye lile la Shangazi. Jumanne akateka ndoo na mabeseni. Jumatano mapazia yalisalimu amri pamoja na fimbo zake. Alhamisi akakwama kwenye taa kutwa nzima, maana kila mteja ana taa yake kichwani. Chai ilimpoa mara saba, nilihesabu. Alikuwa na hofu, sitawaficha, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikafunga boksi tupu.

Ijumaa ikapambazuka. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Ilipobaki dakika kumi saa sita itimie, simu ikalia, na Shangazi akaitazama saa ya ukutani kama hakimu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Sikio la Chuma, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sinki langu halishiki maji kabisa, yanakwenda tu."

"Basi subiri nikutafutie, Mwalimu."

"Unitafutie nini tena? Nimeandika kidude cha kuziba sinki, kikaja. Nimeshanunua. Nimepiga kukusalimu tu. Wiki ikipita sijakusikia, naona kama kuna kitu nimesahau."

Mashine ya kuchapa oda ikatema karatasi. Shangazi akaichukua, akaisoma mara mbili: Kizibo, mpira, duara, milimita arobaini. Kimoja. Alishusha miwani, akalivuta daftari, na kwa kalamu yake ya stoo akaandika kwenye mstari uliobaki: Kidude, kuziba, sinki. Mkato kila mahali pake.

"Na hicho kiti kitafutiwe mguu," akasema. "Miguu ya viti tunauza."

Nami nilikitia kizibo kile katika boksi, nikakizungushia utepe mara tatu, kama kitu cha kifalme. Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na watoto wenu wasome: Jumamosi, saa tatu asubuhi, sinki la Mwalimu lilishika maji.