Mdalasini kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita mama mkwe yuko kwetu. Ana sukari. Amri zote anazo shemeji yangu, muuguzi, dada wa mke wangu: vidonge asubuhi na jioni, chai bila sukari, vitamu marufuku. Mimi mpishi wa kantini, mwaka wa kumi na tisa sasa nalisha ofisi nzima, na nyumbani sina kauli hata juu ya kikombe. Leo nikachemsha chai ya mama na mdalasini. Nikaketi naye nione uso wake. Akanywa, akafumba macho, akaniita baba. Baba! Siku zote huniita "huyu".

Jumanne, 4 Machi
Mdalasini kwenye uji. Kwenye maharage. Juu ya wali. Kantini nimeutia kwenye mchuzi wa nyama. Karani mmoja akauliza kama sufuria limeoshwa kwa sabuni ya manukato. Hana ulimi huyo. Mama mkwe aliomba aongezwe. Akauliza mdalasini unasaidia nini mwilini. Nikasema unashusha sukari. Nilisikia mahali, nikasema kwa sauti ya daktari. Mke wangu akaniambia nipike tu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaja kupima. Sukari imeshuka kidogo! Nikamwuliza, kwa unyenyekevu, nani kaishusha. Akasema vidonge. Mdalasini kidogo hauna neno, akasema, ila si dawa ya kutegemea, na ukizidi sana unaweza kuumiza ini. Wivu. Alipoondoka, mama akaninong'oneza kwamba vidonge vinamchafua tumbo. Sikumwambia aache. Naandika hapa ijulikane: sikumwambia aache. Nilisema tu kwamba hata mimi huwa naenda likizo.

Jumapili, 9 Machi
Mama anamaliza jagi la maji, anakwenda chooni, anarudi kwenye jagi. Mke wangu ana wasiwasi. Nikamweleza kwamba mdalasini unasafisha mwili. Nimeongeza kipimo.

Jumanne, 11 Machi
Saa nne asubuhi mke wangu kanipigia simu kantini. Mama haamki vizuri, maneno yake hayashikani. Niliacha vitunguu vinaungua. Mimi na jirani tulimbeba hadi kwenye teksi. Alikuwa mwepesi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo.
Hospitalini shemeji alikuwa zamu; akapima, akakimbilia daktari. Mke wangu alipofungua mkoba wa mama kutafuta kadi, vikaanguka vidonge vya siku tano, vimefungwa kwenye leso. Shemeji akauliza nani alimwambia aache. Nikatazama sakafu. Nilikuwa na maelezo mengi, likizo ikiwemo.
"Ni mimi," nikasema.
Hakunigombeza. Aliinama akaokota vidonge, kimoja kimoja.

Alhamisi, 13 Machi
Amepata fahamu sawasawa. Daktari anasema tumemuwahi. Siku ya tatu niko kwenye benchi la wodi, nanuka mdalasini hadi kola ya shati. Mke wangu haongei nami ila kuulizia funguo. Leo nikaruhusiwa kuingia. Nilitaka mama anitukane, ingekuwa nafuu. Akanishika mkono.
"Mwanangu, mimi sijui habari za mdalasini," akasema. "Nilikuwa naipenda ile chai kwa sababu ulikuwa unakaa na mimi mpaka nimalize."
Wiki tano kabla ya hapo nilikuwa nampita sebuleni kama kabati. Nikatoka hadi kwenye korido, nikasimama nikiutazama ukuta.

Jumatatu, 17 Machi
Mama karudi nyumbani. Vidonge nampa mimi mwenyewe. Shemeji kaniandikia saa kwa herufi kubwa, kama anaandikia mtoto wa chekechea. Nimestahili. Chai ina kijiti kimoja cha mdalasini, kwa harufu tu, na siondoki mpaka kikombe kiishe. Nimeapa mbele ya mke wangu: sitatibu mtu tena maishani mwangu. Machozi yalinitoka, ya kweli.
Alasiri shemeji kaja ameshika shavu. Jino. Daktari wa meno atamwona Ijumaa. Nikanyamaza. Nikanyamaza tena. Ijumaa ni mbali! Nikaenda jikoni kutazama tu kama karafuu zipo.
Zipo. Nimeshasaga.